Sura ya Sita: Kushona na Kuimba Kunamsaidia Nini Mtu Aliyepigwa?

“Mtu kavunjwa mkono, nyie mnampa penseli za rangi?”

Swali hili lina wenyewe wengi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa huliuliza anapoombwa ofisi yake kwa saa mbili kila Jumamosi. Wakwe huliuliza kwa kejeli. Na mwanamke mwenyewe huliuliza kimoyomoyo siku ya kwanza, ameketi karibu na mlango, mkoba ameupakata, macho yako kwenye bakuli za shanga na mafungu ya nyuzi: nimekuja kutafuta msaada, mbona nakutana na mambo ya shule ya awali?

Wana haki ya kuuliza. Aliyevunjwa mkono anahitaji hospitali. Aliyetishiwa kwa panga anahitaji polisi na mahali pa kulala usiku huohuo, na hakuna wimbo unaoweza kushika nafasi ya mlango wenye komeo. Sura mbili zilizotangulia zimezungumzia hayo: Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, fomu ya polisi ya PF3, vituo vya mkono kwa mkono hospitalini, afisa ustawi wa jamii, mahakama. Sura hii inahusu kipindi kinachofuata, ambacho wengi hudhani hakipo. Mfupa umeunga. Kesi imeisha au imekwama. Mwanamke yuko kwa dada yake, au amerudi kwake, na ndugu wameshamwambia, “Shukuru Mungu, yamepita.”

Kinachobaki mfupa ukiunga

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa kingono, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mume au mpenzi. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Katika kila wanawake kumi kwenye foleni ya kliniki wakati huo, wanne walikuwa wameshapigwa. Na hii ni nchi ambayo Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nusu karne na zaidi, na bado kuna wanaosimulia kwa uhakika kwamba mke hupigwa kwa mujibu wa mila.

Lakini kipigo ndicho kinachoonekana. Mtu aliyeishi na mkorofi kwa miaka hupoteza kitu kingine kidogo kidogo, bila alama yoyote mwilini. Simu yake hukaguliwa. Fedha ya mboga huhesabiwa, na chenji hudaiwa. Mama yake haji tena kumtembelea, kwa sababu kila akija panazuka ugomvi. Kilemba gani avae, amsalimie nani, acheke kwa sauti gani: yote yana mwenyewe mwingine. Ikifika hapo, makofi hayahitajiki kila siku. Moja kwa mwaka linatosha kukumbushia.

Mtoe mwanamke huyo katika nyumba hiyo, mpeleke hotelini, umuulize anataka soda gani. Atakujibu, “Yoyote tu.” Si adabu hiyo. Amezoea kwamba kuchagua kuna gharama.

Juu ya hilo kuna kiwewe, yaani hali ya mwili na akili kuendelea kuishi kwenye hatari ambayo imeshapita. Geti likilia, moyo unaruka. Harufu ya gongo kwenye daladala inamrudisha jikoni kwake, usiku ule. Usingizi unakatika saa nane na haurudi. Watu wa karibu huona mtu aliyepoa, asiyependa makundi, msahaulifu, mkali kwa watoto, na humalizia kwamba amebadilika tabia.

Tunamwita mtu huyu manusura, kwa maana ya aliyepita katika ukatili akabaki hai. Na tiba ya sanaa kwa kikundi ni mpango wa vikao ambapo manusura wachache hukutana mara kwa mara, chini ya msimamizi aliyefundishwa, wakafanya kazi ya mikono, sauti au mwili, kama kuchora, kushona, kuimba, kucheza au kuigiza, kwa lengo la kupona. Neno la kushika hapo ni kupona. Darasa la ufundi lina lengo lake, nalo ni zuri, lakini hapa mshono ukienda upande haufumuliwi kwa amri ya mtu.

Kwa nini asiseme tu?

Wengi huona njia ya mkato ni mazungumzo: akae na mshauri, aeleze, atue mzigo. Kwa baadhi ya watu inafaa sana. Tatizo ni kwamba manusura wengi wameshaombwa kueleza mara nyingi mno, na kila mara kwa manufaa ya mwingine. Kikao cha familia kilitaka kujua nani alianza. Polisi walitaka saa, tarehe na silaha. Wakili alitaka mfuatano. Kila mmoja alitaka hadithi yenye kichwa, kiwiliwili na miguu, na ilipokosa kiungo kimoja alimtazama kwa jicho la “huyu anaongopa.”

Kumbukumbu ya hofu kubwa haikai hivyo. Hukaa vipande vipande: rangi ya ndoo, kishindo cha mlango, mtoto aliyekuwa akikohoa chumba cha pili. Nini kilitangulia, hajui. Ukimlazimisha apange, atajaza mapengo ili kukuridhisha, au atanyamaza. Karatasi haina masharti hayo. Anaweza kuchora ndoo peke yake, akaishia hapo. Wiki ijayo akachora mlango. Hakuna anayemuuliza kipi kilianza.

Kuna jambo la pili, rahisi zaidi, ambalo kila aliyewahi kukaa uani na wanawake wanaochambua mchele analijua. Mikono ikiwa na kazi, macho yanapata pa kukaa. Mtu anaweza kusema jambo zito bila kutazamwa usoni, akalikatiza katikati kwa kisingizio cha kutoa jiwe, akaliendeleza baada ya robo saa, au asiliendeleze. Kimya hakimuumbui mtu, maana kazi inaendelea. Katika chumba cha ushauri chenye viti viwili vinavyotazamana, kimya cha dakika tano ni adhabu.

La tatu ni kundi lenyewe. Mkorofi hodari humwaminisha mkewe kwamba nyumba nyingine zote zina amani, na kwamba yeye ndiye mwenye kasoro. Imani hiyo haiondolewi na mtaalamu. Huvunjika pale jirani wa meza, mama mwenye heshima zake, mwalimu labda, anaposema bila kuinua kichwa: “Wangu alikuwa anaficha viatu vyangu.”

*Kwa ufupi.* Sanaa humruhusu manusura aseme vipande bila kuvipanga, kazi ya mikono humpa haki ya kunyamaza, na kundi humtoa upweke. Vyote vitatu vinafanya jambo moja: vinamrudishia uamuzi wa nini kisemwe, lini, na mbele ya nani. Nashikilia kwamba hapo ndipo dawa ilipo, kuliko katika rangi au uzi. Kikundi kinachochora kila wiki huku kikiwanyang'anya wanakikundi uamuzi huo hakitibu kitu.

Harare, Bukavu, na kamba ya nguo

Zimbabwe ilianza na benchi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kusikiliza watu wenye huzuni na mawazo, kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hawa hawakuwa na digrii. Walikuwa na subira, walijulikana mtaani, na walifundishwa hatua za kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi wake mwenyewe. Matokeo ya utafiti wa zahanati 24 yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona, yaani huzuni ya kina inayodumu, walikuwa takribani asilimia 14 kati ya waliopita kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

Benchi lenyewe ni mazungumzo ya watu wawili. Kinachotuhusu ni kinachofuata. Anayemaliza hukaribishwa kwenye duara la wenzake waliopita njia hiyohiyo, na humo wanawake hufuma mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Mkoba unauzwa. Maongezi yanaendelea hata bibi asipokuwepo. Ni mpango wa watu wenye huzuni kwa jumla, si wa waliopigwa peke yao, lakini katika mitaa ya namna hiyo wawili hao mara nyingi ni mtu mmoja.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni kisa kizito zaidi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, ilijulikana duniani kwa upasuaji wa wanawake waliobakwa vitani. Panzi waligundua mapema kwamba upasuaji hautoshi, wakaongeza ushauri nasaha, msaada wa kisheria, mafunzo ya kazi, na baadaye muziki. Katika mpango huo wa muziki, wanawake huketi pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki, hutunga nyimbo zao, kisha huingia studio kuzirekodi. Humo hawaitwi wagonjwa. Ni wasanii. Aliyezoea kuwa faili namba fulani anavaa vipokea sauti, anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, anasema, “Hapo turudie, sijaridhika.” Mtu anayesema “sijaridhika” ameshasafiri mbali kutoka “yoyote tu.”

Kisa cha tatu kinagusa ukatili wa majumbani moja kwa moja, na kinatoka Marekani. Mwaka 1990, katika mji wa Hyannis, Cape Cod, wanawake walianika fulana 31 kwenye kamba hadharani. Kila fulana ilipambwa na aliyeteswa, au na ndugu wa aliyeuawa. Rangi zilikuwa na maana: nyeupe kwa waliokufa, njano kwa waliopigwa, nyekundu kwa waliobakwa, na kadhalika. Wazo hilo limesambaa nchi nyingi tangu hapo. Angalia werevu wake: mwenye fulana anaweza kuwa amesimama katikati ya umati, mkononi ana soda, anatazama watu wakisoma maneno yake, na hakuna anayemjua. Neno limetoka na mwenye neno amebaki salama. Wengi wetu tumekulia kwenye ua wenye kamba ya nguo na tunajua siri ngapi hupita chini yake.

Kikao kinavyokwenda

Jaribu kukifikiria kikundi cha wanawake kumi, Dar es Salaam au Mombasa. Nane hadi kumi na wawili ndiyo idadi inayofaa: wakipungua hapo, mmoja akikosa kuja panapwaya; wakizidi kumi na wawili, wanyamavu humezwa. Saa moja na nusu au mbili, mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili au mitatu. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na dirisha lisilotazama barabara. Watoto wawe na mtu wa kuwaangalia chumba kingine, la sivyo wenye watoto wadogo hawatakuja, nao ndio wanaohitaji zaidi.

Wasimamizi wawe wawili. Mmoja anaijua kazi ya mikono. Mwingine ni mnasihi, yaani aliyefundishwa ushauri nasaha, na kazi yake kubwa ni kuona nani ameanza “kuondoka”: macho yamekauka, mkono umesimama, pumzi imekuwa fupi. Huyo huitwa taratibu kwa jina, huombwa akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, anywe maji ya baridi. Ikibidi, wawili hao wanatoka nje na wengine wanaendelea. Msimamizi mmoja hawezi kufanya haya yote.

Gharama zisiwatishe. Mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani hutolewa bure au kwa bei ya kutupa. Karatasi za manila, chaki, sindano, uzi, ndoo tupu ya kupigia ngoma. Mikasi ihesabiwe kabla na baada, na itolewe inapohitajika tu, maana chumbani huenda yupo aliyeshikiwa kisu shingoni.

Siku za kwanza hakuna anayeombwa kuchora kilichompata. Judith Herman, daktari wa Marekani aliyeandika kwa kina kuhusu kiwewe mwaka 1992, alizipanga hatua za kupona katika tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwishowe kurudi kwenye maisha na watu. Vikundi vingi vinavyoharibika huanzia hatua ya pili, kwa sababu ndiyo inayosisimua. Wiki ya kwanza inatosha watu wachague rangi. Ya pili, mdundo: mkono kwenye ndoo, taratibu, pamoja, mpaka pumzi zishuke.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kanga. Kila mwanamke wa pwani, na wengi wa bara, anajua kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina, yale maneno ya chini. Anajua pia kwamba kanga husema pale mdomo unaposhindwa, na kwamba aliyekusudiwa ataelewa. Basi hakuna haja ya kumfundisha nadharia yoyote. Mpe karatasi kubwa, mwambie abuni kanga yake.

Aanze na pindo. Pindo hujirudia, ua baada ya ua, na mkono unaorudia jambo moja hutulia. Hakuna maana ya kutafuta hapo. Kuna mtu atakayetumia vikao viwili kwenye pindo pekee, mwache. Mji unafuata: kitu kimoja tu, chochote anachotaka kiwe katikati. Atakayeweka korosho aweke korosho. Atakayeweka nyumba isiyo na mlango, msimamizi asirukie kufasiri. Swali linaloruhusiwa ni moja: “Kuna unalotaka kutuambia juu yake?” Jibu “hapana” linapokelewa kama jibu kamili.

Jina huja mwisho, au lisije. Hapa ndipo vicheko huanza, na vicheko ni muhimu kuliko wataalamu wengi wanavyokubali. Kuna jina la kumpiga kijembe mama mkwe. Kuna la kujiambia mwenyewe. Kuna la binti ambaye bado hajaolewa. Mwanamke ambaye hakuweza kumaliza sentensi moja mbele ya afisa anaweza kukaa wiki tatu akitafuta maneno manne, akiyapima, akifuta, akiwauliza wenzake kama yana makali ya kutosha. Asiyejua kuandika huyasema, mwenzake akamwandikia neno kwa neno, bila kuyapamba.

Kanuni ni chache na huwekwa na kundi lenyewe, siku ya kwanza. Nyingi hufanana na hizi:

- Yanayosemwa humu hayatoki. Tukikutana sokoni tunasalimiana kama watu wanaojuana kwa ushonaji.
- Kila mtu anaweza kusema “napita,” na haulizwi kwa nini.
- Hatusemi kazi ya mtu ni nzuri au mbaya. Tunaweza kusema tulichokiona.
- Hakuna simu, hakuna picha.
- Hakuna kumwambia mwenzio amwache mumewe, wala asimwache.

Hiyo ya mwisho huwatatiza wenye huruma. Mtu anaona mwenzake anarudi kwenye moto, anataka kumvuta. Lakini amri ya kuondoka nayo ni amri, na huyu ameishi kwa amri za kutosha. Kumuuliza “Usiku wa leo uko salama?” kunaruhusiwa, tena ni wajibu.

Mafunzo ya kungwi

Kuna watakaosema haya yote tulikuwa nayo. Ni kweli kwa sehemu. Ngoma za wanawake, unyago, vikundi vya lelemama, nyimbo za kutwangia: wanawake wa nchi hizi wamekuwa wakikusanyika, mlango umefungwa, wakasema kwa mdundo yale yasiyosemeka mezani. Asiyeelewa nguvu ya sauti arobaini zikiitikia pamoja hajawahi kukaa msibani.

Ila tusijidanganye kuhusu mafunzo yaliyokuwemo. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake utenzi ambao umedumu hadi leo, kazi ya mama anayekaribia kufa na mwenye mapenzi makubwa. Sehemu yake kubwa ni namna ya kumridhisha mume. Kungwi naye, mwalimu wa unyago, pamoja na hekima yake yote ya mwili na ndoa, mara nyingi alimkabidhi mwali somo la kuvumilia. Duara lilimfuta machozi, kisha likamrudisha palepale. Kikundi cha leo kinaweza kuazima ngoma, mafumbo, vigelegele na hata mamlaka ya mama mtu mzima anayeongoza. Somo la kuvumilia kipigo kiliache nje, na hilo lisemwe kwa sauti, kwa sababu wapo wasimamizi wanaolirudisha kwa mlango wa nyuma huku wakidhani wanafuata utamaduni.

Maigizo, kwa tahadhari

Augusto Boal, mtu wa maigizo kutoka Brazil, alisimulia kisa cha Peru, mwaka 1973. Mwanamke mmoja alileta shida yake: mumewe alikuwa akimchukulia fedha na kumpa makaratasi ayatunze, akidai ni stakabadhi za ujenzi wa nyumba. Mke hakujua kusoma. Jirani alipomsomea, zilikuwa barua za hawara. Mume anarudi kesho, afanye nini? Waigizaji wakajaribu mbinu baada ya mbinu, na mwanamke mmoja kati ya watazamaji akawa kila mara anasema sivyo, inabidi amweleze mumewe “waziwazi.” Mwishowe Boal akamwambia apande mwenyewe aoneshe. Akapanda, akashika ufagio, akampa mwigizaji wa watu kipigo cha haja, kisha akamwagiza chakula.

Hapo, alisema Boal, ndipo alipoelewa kwamba mtazamaji akipanda mwenyewe huonesha jambo ambalo hakuna mwigizaji angeweza kulionesha kwa niaba yake. Akajenga aina ya maigizo ambayo mtazamaji anasimamisha onyesho, anaingia, anabadilisha mwendo wa hadithi. Imetumika sana Afrika Mashariki katika elimu ya afya na haki.

Kwa manusura ina nguvu, na kwa sababu hiyohiyo ina hatari. Usimfanye mtu aigize kipigo chake. Mwili hautofautishi vizuri mkono ulioinuliwa wa mchezo na wa kweli. Igizeni mambo ya pembeni: namna ya kumjibu wifi anayesema “rudi kwako,” namna ya kusimama kaunta ya polisi na kudai PF3, namna ya kuomba mkubwa wa kazi ruhusa ya kwenda mahakamani. Mazoezi haya mtu huyatumia Jumatatu asubuhi.

Panapoharibika

Kazi inayobebwa kwenda nyumbani inaweza kuua. Kanga ya karatasi yenye maneno makali ikikutwa chini ya godoro, hakuna mnasihi atakayekuwepo. Kazi zote zibaki kwenye kabati lenye kufuli, na anayeishi bado na mkorofi abebe kitu kisichosema: kitambaa cha meza, mkeka, kofia. Hii pia ndiyo faida ya kikundi cha kushona. “Nimetoka kufuma” ni jibu linalokubalika mlangoni.

Wafadhili ni jaribu jingine. Wanataka ripoti, na ripoti inataka picha, na picha yenye machozi inapata fedha zaidi. Maonyesho ya kazi za manusura yanaweza kuwa heshima kubwa, kama ya fulana za Cape Cod. Yanaweza pia kuwa kikao cha polisi cha pili, chenye zulia. Ridhaa iombwe kwa kila kazi peke yake, iombwe tena siku ya maonyesho, na mtu aweze kuibatilisha bila kueleza. Kusaini fomu siku ya kwanza, pamoja na nauli, si ridhaa.

Kuna pia kutojua mipaka. Msimamizi akisikia mume amemkaba mtu shingo, hata mara moja, hata bila alama, huo si mjadala wa kikundi. Kukabwa ni moja ya ishara kubwa kwamba anaweza kuuawa, sawa na kutishiwa kwa silaha na kufuatiliwa baada ya kuondoka. Baada ya kikao akae naye faragha, wapange: nyaraka ziko wapi, nani atampokea usiku, watoto watatokaje, nauli iko kwa nani. Siku za kuondoka na zinazofuata ndizo za hatari zaidi, kwa hiyo mpango hutangulia mabegi.

Wanaume walioteswa majumbani wapo, na wanahitaji vikundi vyao, mbali na hivi. Wanandoa pamoja chumba kimoja, hapana.

Maswali mafupi

*Je, nahitaji kipaji?* Hapana. Wenye kipaji ndio husumbuka zaidi, kwa kuwa wanataka kazi ipendeze.

*Ina uthibitisho wa kitaalamu?* Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikakubali kwamba sanaa ina nafasi yake katika kuzuia maradhi na kusaidia tiba. Kwa manusura wa ukatili wa majumbani hasa, tafiti nyingi ni ndogo, ingawa zinaelekea upande mmoja: huzuni na hofu hupungua, mahusiano huongezeka. Anayekuahidi kupona kwa wiki nane anauza kitu.

*Kikundi kiuze kazi zake?* Kikitaka, na baada ya vikao vya tiba kwisha. Mkoba ukishakuwa na bei, mtu huanza kushona kwa ajili ya mteja. Vikundi vingi hugeuka vicoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vizuri sana hapo baadaye, na mwanamke mwenye akiba yake ana chaguo ambalo hakuwa nalo.

*Mume ameomba msamaha, amebadilika. Niache kuja?* Njoo mpaka vikao vyako viishe. Kama amebadilika kweli, saa mbili za Jumamosi hazitamuudhi.